Aliogopa, ila hakujuta: mwanamke na hukumu ya watu kwenye filamu za zamani za Ufaransa

(Mlioshindwa kufika Jumamosi kwa sababu ya mvua mmeniandama wiki nzima mnataka kujua niliongea nini. Haya, nimeandika yote kama nilivyosema pale ukumbini, vipande vya filamu nilivyokuwa nasimamisha kuonyesha ndo nimeviacha.)

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote habari za jioni. Kina mama wa mstari wa mbele asanteni kwa maandazi, na wewe kijana uliyebeba projekta kwenye bodaboda na mvua hii, Mungu akuzidishie.

Naomba nianze na swali, msijibu haraka. Mwanamke akichepuka kwenye filamu, nini hasa kinawauma watu? Ni kile kitendo? Basi mbona filamu za mke aliyetoka nje ya ndoa zipo tangu sinema haijaanza hata kutoa sauti, na watu walikuwa wanakata tiketi wanaingia, hakimu anaingia, meya anaingia, wanatoka wanafuta machozi wanaenda kula? Mimi nimefundisha Kifaransa miaka 19, na hizi filamu za zamani nimeziangalia kuliko nilivyoangalia kitu kingine chochote kwenye maisha yangu, na kila nikirudia naona jambo lilelile. Kuchepuka walisamehe. Kutojuta hawakusamehe. Mwanamke akikosea akarudi kichwa chini, anafunguliwa mlango. Mwanamke akifurahi, halafu asiombe msamaha, hapo ndo wanaitwa polisi. Nalisema hili mapema ili mnifuate vizuri maana leo nitawazungusha.

Twende kwanza kijijini, Provence, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1938 Marcel Pagnol anatoa La Femme du boulanger, yaani mke wa muoka mikate. Muoka mikate anaitwa Aimable, kaigiza Raimu, mzee mwenye tumbo lake na roho safi, kahamia kijijini hivi karibuni na mkewe Aurélie ambaye ni mdogo kwake kwa mbali. Usiku mmoja Aurélie anatoroka na kijana mchunga kondoo. Aimable anachanganyikiwa, analewa, na anatangaza kwamba mke asiporudi yeye haoki tena mkate. Basi! Kijiji chote kinaamka. Watu waliokuwa hawasalimiani miaka na miaka wanaanza kupanga safari ya kumtafuta, padri na mwalimu wa shule waliokuwa wanapingana kwa kila kitu wanaenda pamoja mpaka bwawani, na kwenye maji mwalimu anambeba padri mgongoni. Inachekesha sana, mimi nacheka kila mara. Lakini jamani hebu tuulizane, wale watu walimfuata nani? Kuna aliyeuliza Aurélie alikuwa anaishije mle ndani? Walifuata mkate! Mwili wa yule dada ulikuwa umefungwa kwenye tumbo la kijiji, akiondoka yeye watu wanalala njaa.

Sasa anarudi. Hii sini ndo nataka mkae nayo. Aurélie anaingia usiku, kichwa chini, na mumewe hamgombezi. Anaongea naye kwa upole, kama vile katoka sokoni. Halafu anaingia paka wao, paka jike anaitwa Pomponnette, naye alikuwa kapotea siku kadhaa na dume la mtaani. Aimable anamgeukia paka, anamtukana matusi ya nguoni, anamuuliza umeshajua kurudi sasa? Na huyu Pompon masikini aliyekuwa anakutafuta kila kona, umemfikiria? Huyo dume wako alikuwa na nini cha zaidi? Paka yuko kwenye kisahani anakunywa maziwa, hana habari, na pembeni mke analia mpaka mabega yanatikisika.

Hii filamu niliiona mara ya kwanza kwenye mkanda wa VHS nilioazimwa na mwalimu wangu, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, likizo. Bibi hajui hata neno moja la Kifaransa, nikawa namtafsiria polepole. Tulipofika kwenye paka nikavuta pumzi nimwelezee, bibi akaninyamazisha kwa mkono, akasema "niache, hapo anampiga mkewe mafumbo." Akakaa kimya mpaka mwisho. Nilidhani kafurahi, maana kwetu mtu anayejua kusema kwa mafumbo anasifiwa. Filamu ilipoisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Na yeye mwanamke mbona hakupewa zamu ya kusema?"

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi vya wataalamu wa sinema na sijakutana na swali zuri kuliko lile. Aurélie karibu haongei filamu nzima. Anasemewa na padri, anasemewa na mwalimu, mwisho anasemewa na paka.

Na msije mkadhani ule upole wa Aimable ni wa kwake binafsi tu, ulikuwa kwenye sheria. Sheria ya jinai ya Ufaransa, ile ya Napoleon ya 1810, ilisema mke akipatikana na hatia ya uzinzi anafungwa miezi 3 mpaka miaka 2. Mume je? Mume hafungwi, analipa faini, tena faini yenyewe mpaka awe amemweka hawara ndani ya nyumba anayoishi na mkewe. Akimpangia chumba mtaa wa pili hana kosa! Halafu kuna kipengele kingine, mume ana uwezo wa kusimamisha kifungo cha mke kwa kukubali kumrudisha nyumbani. Mnaona? Ufunguo wa jela anao mume. Kwa hiyo Aimable anaposamehe pale na watu wanalia ukumbini, anasamehe akiwa na ufunguo mfukoni. Na hii sheria mnajua ilifutwa lini? Julai 1975. Sio zama za kale hizo, baadhi yenu humu mlikuwa shuleni.

Haya, sogeeni mbele miaka 20. Mwaka 1958. Louis Malle, kijana wa miaka 26, anatoa Les Amants, Wapenzi. Jeanne Moreau kaigiza mke wa tajiri mwenye gazeti huko Dijon, nyumba kubwa, mtumishi, mtoto wa kike, na mume anayemwangalia kama anavyoangalia fanicha. Ana hawara Paris, mcheza polo, na cha ajabu hilo watu wa tabaka lake hawalioni kama tatizo, rafiki yake wa Paris ndo anamsindikiza. Gari linamharibikia njiani, anapewa lifti na kijana mmoja wa vitabu vya mambo ya kale mwenye kigari chake cha Citroën 2CV, wanafika nyumbani, wanakula chakula cha usiku meza moja, mume yupo, hawara yupo, na huyu wa lifti yupo. Usiku anashindwa kulala anashuka bustanini, anamkuta yule kijana, wanatembea kwenye mbalamwezi na muziki wa Brahms, wanapanda mtumbwi, na asubuhi anaondoka naye. Anaacha vyote.

Wangapi mtaniambia "ni ile sini ya kitandani ndo ilileta kesi"? Najua. Lakini mkiiangalia kwa makini kamera haionyeshi kitu mnachodhani. Inamwonyesha yeye uso. Uso wa Jeanne Moreau, na mkono wake juu ya shuka, vidole vinafunguka polepole. Basi. Mwanaume anatoka kabisa kwenye picha, tunabaki na uso wa mwanamke ambaye anafurahi, na furaha ile ni yake mwenyewe, haigizi ili kumfurahisha mtu. Hicho ndo kitu ambacho mtazamaji wa 1958 alikuwa hajazoea kukiona, mwanamke uchi kwenye michoro alishamuona mpaka kachoka, alichokuwa hajaona ni uso wa namna ile.

Na ikawa kesi kweli, tena Marekani. Nico Jacobellis, meneja wa ukumbi mmoja wa sinema Cleveland Heights, Ohio, aliionyesha, akakamatwa, akapigwa faini ya dola 2,500. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1964 majaji wakamfutia hatia. Hapo ndo jaji Potter Stewart aliandika ile sentensi maarufu, kwamba hawezi kueleza ponografia ngumu ni kitu gani lakini akiiona anaijua, na filamu hii siyo. Majaji 9, watu wazima, wasomi, karibu miaka mitano toka filamu ionyeshwe pale, wanajadili uso wa mwanamke mmoja.

Lakini mimi kilichonikaa moyoni ni mwisho wake. Asubuhi, wako njiani, wamesimama kwenye mkahawa, yule mwanamke anajiangalia kwenye kioo, mwanga wa mchana haumpendezi kama mbalamwezi ya jana, anaanza kuingiwa na wasiwasi. Sauti inatuambia kwamba aliogopa, ila hakujuta chochote. Mnasikia hayo maneno? Aliogopa. Ila hakujuta. Mweke pembeni ya Aurélie na paka wake, halafu niambieni ni yupi mahakama ingemfuata.

Najua mama mmoja pale ananiangalia kwa jicho la "na mtoto je?" Mama, na mimi nina watoto wawili. Yule binti aliyeachwa kwenye ile nyumba kubwa ananiuma kila nikiangalia, na sitawadanganya kwamba nimepata jibu la kunitosha. Ila nakumbuka filamu ngapi nimeona baba anapanda treni anaondoka, muziki unapigwa, tunamwita shujaa, na hakuna hata mmoja ukumbini anayeuliza mtoto kabaki na nani.

Sasa Brigitte Bardot. Mnamsubiri yeye nyie, nimeona. Mwaka 1956 Roger Vadim, ambaye alikuwa mumewe, anamweka kwenye Et Dieu... créa la femme, Saint-Tropez, binti yatima anayetembea pekupeku na kucheza ngoma ya mambo mpaka wanaume ukumbini hawajui mikono waweke wapi. Nitasema ninavyoona: filamu yenyewe ni nyepesi, na kamera ya Vadim inamlamba mkewe kama aiskrimu. Nusu ya uhuru unaosifiwa mle ndani ni uhuru wa mwanaume kutazama. Lakini dunia ilishtuka, Marekani kundi la Wakatoliki la kusimamia maadili ya filamu likailaani, na watu wakajaa kwenye foleni. Mwaka huohuo 1956 Vatican iliweka vitabu viwili vya Simone de Beauvoir, mwandishi mwanamke wa Kifaransa, kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa, kimoja kikiwa riwaya yake ya Les Mandarins. Shikeni hilo jina.

Maana mwaka 1960 Henri-Georges Clouzot anamchukua Bardot huyohuyo anamsimamisha kizimbani. La Vérité, Ukweli. Dominique, binti wa miaka ishirini na kitu, kampiga risasi mpenzi wake, mwanamuziki. Kama kaua kaua, filamu haifichi. Lakini kesi inapoanza, mahakama inaulizia nini? Inaulizia anaamka saa ngapi. Anakaa mkahawa gani. Wanaume wangapi. Dada yake alikuwa anafanya mazoezi ya fidla na yeye amelala kitandani, kwa nini? Na inatolewa mpaka habari kwamba alipokuwa shule alikutwa na kitabu gani, kitabu chenyewe ndo Les Mandarins! Riwaya imekuwa ushahidi wa mauaji jamani. Mawakili wawili, Paul Meurisse na Charles Vanel, mmoja anamshambulia mwingine anamtetea, na mkiwasikiliza vizuri wote wawili wanaongea juu yake kama hayupo. Mpaka anapasuka. Anasimama anawalilia wale wanaume wa majoho kwamba wanataka kumhukumu na wao hawajawahi kuishi wala kupenda, kwamba ni maiti. Kwa mara ya kwanza naona Bardot yuleyule wa mabango na bikini anaigiza kwa utumbo wake, sauti inakatika, uso hauna urembo wowote. Bibi yangu angeona hii angesema haya, zamu yake hiyo, ila kaipata akiwa ameshakalia kiti cha mshtakiwa.

Nipite haraka kwa wakaguzi wa serikali, ila kuna kituko cha lugha lazima niwape. Mwaka 1964 Jean-Luc Godard anapeleka filamu inaitwa La Femme mariée. Wakaguzi wanakataa, na moja ya masharti ni jina libadilike liwe Une femme mariée. Sasa nyie mnaongea Kiswahili, yote mawili ni "mwanamke aliyeolewa," si ndio? Sisi hatuna hako kaneno ka mbele. Lakini kwa Mfaransa "la" inaweza kumaanisha wanawake walioolewa kwa ujumla wao, wake zetu, wote. "Une" ni mmoja tu, fulani huko, sio mke wangu mimi. Ofisi ya serikali ya nchi kubwa imekaa kikao kuokoa heshima ya ndoa kwa kaneno kamoja!

Miaka miwili baadaye ikawa zaidi. Jacques Rivette katengeneza La Religieuse, toka kitabu cha Diderot cha karne ya 18, binti Suzanne analazimishwa utawa asioutaka na huko ndani anateswa na mama mkuu mmoja na kutamaniwa na mwingine. Anna Karina kaigiza, na hakuna uchi wowote. Tume ya ukaguzi ikaipitisha mara mbili, waziri mdogo wa habari akaipiga marufuku hata hivyo, tarehe 31 Machi 1966, baada ya barua nyingi za masista na wazazi wa shule za Kikatoliki. Mwezi Mei ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa hiyohiyo! Mwaka 1967 ndo ikaruhusiwa, na jina nalo limerefushwa ili ieleweke ni habari ya Suzanne mmoja wa kwenye kitabu, sio masista wote. Mkitaka kucheka kwamba hao Wafaransa wana mambo, kumbukeni Rafiki, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu, 2018, Cannes wanaipigia makofi na Nairobi imefungiwa, mpaka Mahakama Kuu ikatoa siku 7 za kuionyesha.

Mpaka hapa mmegundua kitu? Pagnol, Malle, Vadim, Clouzot, Godard, Rivette. Wanaume watupu. Hata pale wanapomtetea mwanamke, ni wao wanachagua asimame wapi na taa impige vipi. Ndo maana nilitaka muda mwingi ubaki kwa Agnès Varda, mwongozaji mwanamke.

Varda mwaka 1965 alitoa Le Bonheur, Furaha, na mimi nawaambia ni filamu inayonitisha kuliko za mauaji. Haina giza hata kidogo. Alizeti, jua, Mozart, fundi seremala kijana François na mkewe Thérèse fundi cherehani na watoto wawili, na ile familia ni familia kweli, mwigizaji yupo na mke wake na watoto wake wa kuzaa. François anampata Émilie wa posta, anampenda, na wala hampunguzii mkewe mapenzi, anasema mwenyewe furaha imeongezeka. Jumapili moja wako pikiniki msituni anamwambia Thérèse kila kitu, akiwa anatabasamu. Thérèse anamsikiliza, anamkubalia. François anapitiwa na usingizi. Akiamka mke hayupo, wanamkuta bwawani amezama.

Mkono wa Varda uko hapa. Kabla, alituonyesha mikono ya Thérèse kwenye kazi za nyumba, unga, pasi, mtoto kuvalishwa. Baada ya msiba tunaiona mikono tena, pasi, mtoto kuvalishwa, ni ya Émilie. Picha zilezile, nyumba ileile, tofauti ni mwanamke. Na filamu inaisha familia inatembea msituni kipindi cha majani kukauka, wamevaa masweta ya kufanana, wamependeza, wana furaha. François hakujuta. Hakuna kizimbani, hakuna mwalimu anayembeba padri, hakuna anayeuliza anaamka saa ngapi. Watu walitoka kwenye ile sinema wamekasirika wanasema Varda anasifia uzinzi. Anasifia? Kachukua kile kitu ambacho kilimpeleka yule wa Dijon mahakamani, akampa mwanaume, akatuacha tuone kwamba hakuna kinachotokea. Na mwaka huohuo, Julai 1965, ndo Ufaransa ilipitisha sheria kwamba mke anaweza kufanya kazi na kufungua akaunti ya benki bila ruhusa ya mumewe. 1965!

La mwisho, halafu tuangalie filamu. Tarehe 5 Aprili 1971 gazeti la Nouvel Observateur lilichapa tamko la wanawake 343, maneno kaandika Simone de Beauvoir, kila mmoja anakiri hadharani kwamba ameshawahi kutoa mimba, na hilo lilikuwa kosa la jela. Hili ni jambo zito na najua humu tuna imani tofauti, sijaja kulibishania. Nataka tu msikie majina. Agnès Varda yumo. Catherine Deneuve yumo. Na Jeanne Moreau, yule wa uso na kioo cha asubuhi, yumo. Miaka 13 alikuwa anasemewa na sauti ya kwenye filamu kwamba hakujuta, sasa kaweka sahihi yake, kwa jina lake, kwenye gazeti, na askari wakitaka waje.

Haya, kijana, zima taa. Tunaangalia Cléo de 5 à 7 ya Varda, 1962, dakika 90. Cléo ni mwimba nyimbo anasubiri majibu ya hospitali, anaogopa ana saratani. Nusu ya kwanza vioo viko kila mahali na kila mtu anamwambia ulivyo mzuri. Karibu na katikati atavua wigi, atavaa gauni jeusi, atatoka nje peke yake. Mtakapofika hapo msimwangalie yeye, angalieni watu wa barabarani, maana kuanzia hapo yeye ndo anawatazama. Mama, sogea kidogo huyu mzee aone sabtaito.